Majibu Aliyopewa Ndugu

Salme alikuja Alhamisi baada ya alasiri, na machungwa kwenye mfuko, na kwa sehemu kubwa ya ziara ile hapakuwa na neno la kumtia mtu shaka. Alipiga hodi, akaamkia, akaitikiwa. Aliuliza hali, akaambiwa alhamdulillahi. Chai aliikataa, akasema amefunga. Kisha akaomba kwenda uani kutawadha, akakaa huko kuliko udhu unavyohitaji, na aliporudi, akijifuta mikono kwa pindo la leso, akasema:

"Mama Ikhlas, naona ua wote mumeutia simiti. Maji ya huko nyuma yaenda wapi siku hizi?"

Mwanarehema, mwenye nyumba, alikuwa kwenye cherehani, akipinda leso za watu. Mguu wake ukasimama.

Mgeni wa kawaida haulizi maji ya uani yanakwenda wapi. Swali hilo, Junda na kwingineko Kisauni kwenye familia za Kiislamu za zamani, lina mwenyewe. Mwenye kuliuliza ni mwosha maiti. Zamani nyua zilikuwa za mchanga. Palichimbwa shimo chini ya kitanda cha kuoshea, maji yakaingia, shimo likafukiwa, mambo yakaisha. Leo nyumba ni simiti hadi ukuta wa jirani, na maji ya maiti hayaachwi yakatiririka njiani watu wakayakanyaga. Kwa hivyo mwosha aliyedokezwa mapema hufika mapema, kwa sura ya mgeni, akatazama. Hutazama mfereji. Hutazama kama mlango utapitisha jeneza bila kuliinamisha. Na mgonjwa mwenyewe humtazama mara moja, kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, akajua sanda itachukua nguo kiasi gani.

Mwanarehema aliyajua hayo kwa sababu ndiye aliyemfunza Salme. Sasa akakumbuka kwamba Salme alipoingia, kabla hata ya kuvua viatu, alimtazama hivyo hivyo: kichwani, akashuka polepole, akaishia miguuni.

"Salme," akasema, "nani amekwambia?"

"Amenambia nini, mamangu?"

"Usinifanye mtoto. Nyumba hii haina aliyeugua ila mimi."

Salme akaketi. Aliapa wallahi kwamba amekuja kumjulia hali tu. Akaapa tena. Mara ya tatu kinywa kilifunguka na kiapo hakikutoka.

"Ndugu yako Ukasha alinipigia simu," akasema. "Alisema nijiweke karibu."

Nijiweke karibu. Hakuna mwosha asiyeyajua maneno hayo. Maana yake ni kwamba mgonjwa amekatiwa tamaa, jamaa wamekwisha kuambiwa, na mwosha asipange safari ya mbali.

"Nawe ukanyamaza."

"Ningefanyaje? Ndivyo ulivyonifunza."

"Mimi nilikufunza kuosha."

"Ulinifunza kuosha na ulinifunza kunyamaza." Salme hakuinua sauti. "Marehemu Nyamvula ulimlisha uji kwa kijiko, ukamwambia atapona, atakwenda kucheza kwenye harusi ya mjukuu wake. Na sanda yake ilikuwa kwenye mkoba wako, mlangoni. Nilikuwako, Mama Ikhlas."

Mwanarehema aliyakumbuka yote. Yalikuwa kweli.

"Haya," akasema mwishowe. "Kwa kuwa umezoea kunyamaza, nyamaza. Ukasha asijue kwamba nimejua."

Alimsindikiza mgeni wake hadi mlangoni, kama desturi, kisha akarudi akamalizia leso aliyokuwa ameianza. Pindo lilikwenda sawa. Mikono yake haikumwambia mtu lolote.

Ana miaka hamsini na minane, mjane wa karani wa bandarini, mama wa binti mmoja, Ikhlas, ambaye hajaolewa na anaishi naye. Kazi ya kuosha maiti wanawake aliirithi kwa mamake, na haichukulii malipo. Riziki yake ni kupinda leso. Kisauni wanamwogopa kidogo, kama wanavyoogopwa waosha wote. Yupo mwanamke wa mtaa wa pili anayevuka barabara akimwona asubuhi. Mwanarehema humwita kwa jina na kumpungia mkono, makusudi, kisha hucheka hadi nyumbani.

Maradhi yake yalianza kwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu mwenye elimu ya dini, si la mjinga. Aliona damu. Hedhi ilikwisha kumkatika miaka mingi, basi akahukumu kwamba hii ni damu ya ugonjwa, ile ambayo haimzuii mwanamke kuswali. Vitabu vinaieleza vizuri, naye alikuwa amewafunza wasichana wengi hukumu yake. Akafanya kama hukumu inavyotaka: akajistanji kwa maji hadi akatakata, akajifunga kitambaa, akatawadha kila wakati wa swala unapoingia, akaswali. Hakwenda kwa daktari kwa sababu, kwa hesabu yake, suala lilikuwa na jibu. Ulipita msimu mzima wa pepo za kusi, miezi kadhaa, kabla ya siku aliyotazama vizuri chooni akaona kwamba damu inatoka na mkojo.

Hospitalini walimwingiza kamera ya uzi, wakaona uvimbe ndani ya kibofu, wakaukwangua kwa njia ile ile waliyoingilia. Kipande kikapelekwa maabara. Siku ya majibu Ukasha, mdogo wake, alifunga duka lake la vipuri kule Changamwe, akasema, "Dada, wewe pumzika. Mimi nitakwenda." Hakuna aliyeshangaa. Katika familia yao majibu mazito huchukuliwa na mwanamume, akaja nayo nyumbani akiwa amekwisha kuyapunguza makali.

Alirudi jua likiwa bado liko juu.

"Kimekwisha, dada. Kilikuwa kinyama tu, wamekitoa chote."

Mwanarehema akasujudu palepale sebuleni. Wiki ile akasomesha maulidi ya shukrani, akaalika watu, akapika pilau kwa mkono wake. Ukasha alikaa karibu na sheikh. Dua ilipoombwa, Mola aliyemponya amzidishie afya, Ukasha aliitikia amina kwa sauti iliyosikika hadi kwa wanawake.

Sasa, baada ya Salme kuondoka, ile amina ndiyo iliyomrudia Mwanarehema kuliko uongo wenyewe. Uongo mtu anaweza kuusema kwa woga. Amina ile aliinyanyulia mikono.

Jumatatu alimwambia Ikhlas anakwenda kununua uzi. Akaenda hospitalini peke yake.

Daktari Jerioth, mwanamke wa Meru mwenye sauti ya chini, alimkumbuka mara moja, na uso wake ulionyesha kwamba hakutarajia kumwona.

"Mama! Tulikungoja sana."

"Mlimngojea mtu aliyeambiwa amepona."

Daktari akainuka akaufunga mlango. "Niambie uliloambiwa," akasema.

Mwanarehema akamwambia. Halikuwa refu.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta upande wake. Palikuwa na picha ya waridi na zambarau, kama kitambaa kilichoiva rangi vibaya.

"Uvimbe wako ulikuwa mdogo," akasema. "Kama tende. Ulikuwa mkali, lakini haukuwa umefika kwenye msuli wa kibofu, na hilo lilikuwa jambo jema. Tatizo ni kwamba aliyepima hakuutazama uvimbe peke yake. Alitazama na pale ulipokaa. Chini ya ngozi ya ndani ya kibofu kuna tishu unganishi, zile zinazoshikanisha mwili. Humo mna seli ambazo kazi yake ni kufuma nyuzi. Ukijikata, ndizo zinazokimbilia kuziba. Kidonda kikifunga, zinatulia. Hizi zako hazikutulia." Akaonyesha kwa ncha ya kalamu mistari mirefu iliyojipanga kuuzunguka weusi wa katikati. "Zimekuja nyingi, zimeuzunguka uvimbe, zimefuma nyuzi nzito. Seli kama hizi huulisha uvimbe. Huukinga na dawa, hata na askari wa mwili. Na huulainishia njia ya kuingia ndani."

"Nazo ni saratani?"

"La. Ni seli zako mwenyewe. Zimegeuzwa kazi."

Mwanarehema alitazama ile mistari. Alikuwa ameosha miili mingi, na daima aliamini kwamba mwili hauna hila. Hila ni za watu. Hakupenda alichokiona, lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya kupenda.

"Na mwenye seli hizo, mwisho wake huwa upi?"

"Utafiti unaonyesha kwamba zikiwa nyingi namna hii, kwa kawaida uvimbe hurudi zaidi, na huzama haraka zaidi. Si hukumu ya mtu mmoja, mama. Wako walio nazo wakaishi. Lakini ukali wa uvimbe pamoja na seli hizi ndivyo vilivyotufanya tushauri kibofu kitolewe mapema, kabla msuli haujaguswa. Mkojo ungetoka kwenye mfuko hapa tumboni."

"Mlimshauri nani?"

Daktari akaiweka kalamu mezani. "Ndugu yako. Alirudi baada ya siku chache, akasema mmekaa kama familia mkazungumza, na wewe umekataa. Alisema hutaki mfuko."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema umesema."

"Wewe ulinisikia?"

"Hapana," akasema daktari. "Sikukusikia. Nilipaswa kukutafuta mwenyewe, na sikufanya hivyo. Kosa hilo ni langu."

Kufichwa Mwanarehema alikufahamu, ni desturi, na yeye mwenyewe amekula katika sahani hiyo. Lakini kuwekewa maneno kinywani, akakataa uhai wake bila ya kujua ameulizwa, hilo hakulijua jina lake.

Kamera ikaingizwa tena, kipande kingine kikachukuliwa. Nyumbani alisema ana homa ya mafua, akalala siku mbili. Siku ya majibu alivaa buibui lake jipya, akaketi mbele ya Daktari Jerioth, akasema, "Sema kama yalivyo."

Uvimbe ulikuwa umerudi. Ulikuwa umeingia kwenye msuli. Picha za tumbo na kifua hazikuonyesha kitu kwingine. Operesheni iliwezekana bado.

"Nafasi yangu?"

"Siwezi kukupa hesabu ya hakika."

"Nipe isiyokuwa ya hakika."

Daktari akasema polepole, kama mtu anayehesabu kwa moyo. "Ungefanyiwa wakati ule, katika wanawake kumi wa hali yako, nadhani wanane wangekuwa hai baada ya miaka mitano. Sasa ningesema watano. Pengine."

Mwanarehema alishukuru, akatoka.

Ukasha alikuja jioni ile kama kawaida yake, na mkate wa mofa kwenye gazeti, akiwa na maneno ya mzaha tangu mlangoni. "Dada yangu, leo umevaa! Waenda kuposwa?"

"Kaa, Ukasha. Ikhlas, nawe njoo."

"Abee, mama."

Walipokaa aliwaeleza alikotoka. Hakuwalaumu, aliwaeleza tu: kamera ya pili, msuli, wanane, watano. Ikhlas alianza kulia kabla hajafika mwisho. Ukasha aliukunja ukingo wa gazeti, akaukunjua.

"Tulikuhurumia," akasema.

"Ulimwambia daktari nimekataa."

"Ungekataa! Nakujua, dada. Mfuko wa mkojo tumboni? Wewe, ambaye tone likikuangukia wabadilisha nguo? Ungeswali vipi? Ungemwosha nani? Watu wangekwita tena kwa maiti wao? Nilisema, hii kazi ndiyo maisha yake. Tukiitoa, tumemuua akiwa hai."

"Mwenye udhuru huswali vipi, Ukasha?"

"Dada…"

"Nakuuliza. Ulisoma madrasa moja na mimi."

Ukasha alijibu akitazama sakafu. "Hutawadha kila wakati unapoingia. Akaswali."

"Na najisi ikitoka katikati ya swala?"

"Husamehewa."

"Husamehewa. Nimeswali hivyo miezi na damu ikinitoka, ndani ya nyumba hii, mukiniona na beseni langu. Hukuhitaji mufti. Ungeniuliza mimi."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ningekwambiaje? Dada, una maradhi yale?" Hata sasa hakulitaja jina. "Mtu akiambiwa hufa kabla ya siku zake. Wewe mwenyewe wasema hivyo. Umewaambia watu hivyo miaka yote!"

"Nimewaambia," akasema Mwanarehema. "Waliokuwa hawana dawa iliyobaki. Na hata hao, sasa sijui kama nilikuwa na haki. Mimi nilikuwa nayo dawa. Wanawake watatu, Ukasha. Wanane ukitoa watano. Hao watatu nani amewachukua?"

Ukasha aliukunja tena ukingo wa gazeti.

"Na Salme? Ulipompigia simu, ulikuwa wanihurumia au wanipanga?"

Ikhlas akaushika mkono wa mamake. "Mama, na mimi nilijua. Mjomba alinikataza. Niliogopa utakufa."

"Basi ukachagua nife bila habari."

"Si hivyo, mama!"

"Ni hivyo, mwanangu. Hukutaka iwe hivyo, lakini ni hivyo." Hakuuondoa mkono, wala hakuukamata wa binti yake. "Simameni mukale. Mkate unapoa."

Hakuna aliyekula. Ukasha aliondoka bila kuaga vizuri, na kesho yake akaja na wazee wawili wa ukoo kuomba radhi kwa niaba yake, kama inavyofanywa. Mwanarehema aliwapa kahawa na tende. Akawaambia amesamehe mbele ya Mungu, kwa kuwa hataki kwenda kwenye kisu na kinyongo. Mzee mmoja, aliyedhani kazi imekwisha, akasema alhamdulillahi, basi Ukasha na arudi kusimamia mambo ya hospitali.

"Kusamehe nimesamehe," akasema Mwanarehema. "Kusimamia, hapana."

Aliyasimamia mwenyewe. Alikwenda kuonyeshwa pale mfuko utakapowekwa, akamwomba muuguzi ausogeze chini kidogo, usikutane na mkanda wa nguo anapoinama. "Kazi yangu ni ya kuinama," akaeleza. Muuguzi akauliza ni kazi gani. Alipojibiwa, kalamu ya kuchorea ilisita hewani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Mwanarehema alicheka. "Usiogope. Sijaja kazini."

Salme alimpigia simu mara kadhaa. Hakumjibu. Palipotokea msiba Kisauni, Salme akaenda kuosha peke yake, na watu waliuliza Mama Ikhlas yuko wapi.

Asubuhi ya operesheni alilala kwenye kitanda cha magurudumu, nywele zimefunikwa kofia ya karatasi, akisoma kimoyomoyo. Ikhlas alikuwa kando yake hadi alipozuiwa kuingia. Ukasha alikuwa amefika kabla yao wote. Hakuna aliyemwita. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido akiwa na chupa ya chai, na kitanda kilipompita alisimama. Mwanarehema alimwamkua kwa kichwa, akapita.

Ndani, Daktari Jerioth aliinama juu yake.

"Mama, lipo jambo moja hatujalimaliza. Pengine tukifungua tutakuta uvimbe umekwisha kutoka nje ya kibofu. Ikiwa hivyo, hatutakitoa, haitakufaa. Wewe utakuwa umelala. Lazima tumpe mtu habari, atuambie familia inataka nini. Tumwambie nani?"

Ilikuwa desturi ile ile, imevaa koti jeupe. Mwanarehema aliitambua, na akaona kwamba daktari naye, maskini, hakuiona.

"Hapana mtu."

"Hata binti yako?"

"Binti yangu atauliza mjombake. Mukikuta haifai, nifungeni. Mungoje niamke. Mimi ndimi mutakayeniambia, kabla ya mtu yeyote huko nje. Mukiulizwa, semeni mgonjwa amelala."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akawaambia wenzake, na mmoja akalirudia neno hilo kwa sauti ili wote wasikie. Kisha akainama tena. Swali lililobaki lilikuwa zito kwake, lakini alikwisha kujifunza kuuliza.

"Na usipoamka?"

Mwanarehema aligeuza kichwa upande wa mlango.

"Nisipoamka," akasema, "hapo mwambieni Ukasha. Hiyo ndiyo habari yake."

Dawa ya usingizi ikaingia mkononi, baridi.

Huko nje, kila mlango ulipofunguka, Ukasha alisimama. Mara alipita muuguzi mwenye trei, mara msafishaji. Karibu na adhuhuri alitoka daktari mwenyewe, barakoa imeteremshwa kidevuni, naye Ukasha akamwendea haraka, akasogea kando kidogo karibu na dirisha, pale watu wawili wanapoweza kusemezana bila ya kusikika, akangoja aambiwe siri.

"Mgonjwa amelala," akasema daktari, akampita.